Gurudumu la Mkono

Kila chombo alichokitengeneza binadamu kina mahali pake pa kushikwa. Jembe lina mpini, kisu kina kipini, jahazi lina usukani, na mlango una komeo. Mahali hapo ndipo nia ya mtu inapoingia katika chombo na kugeuka kuwa kazi. Kwa hivyo, atakaye kujua chombo fulani kinamheshimu mtumiaji wake kwa kadiri gani, na atazame kwanza mahali pa kushikwa: pamewekwa wapi, pamepewa uwezo gani, na pamenyimwa nini. Katika karakana za siku hizi viko vyombo ambavyo karibu vimepoteza mahali hapo kabisa, navyo ni mashine za kukereza na kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta. Mafundi wengi wanaozimiliki, baada ya kuzitumia kwa muda, huzirudishia mahali pa kushikwa kwa kuzifungia gurudumu dogo la mkono. Kazi hiyo ni ya nyaya chache na saa chache. Lakini ndani yake mna swali lisilo dogo hata kidogo: mkono wa mtu una haki gani juu ya mashine inayomshinda mtu huyo kwa usahihi?

Yafaa mashine zenyewe zielezwe kwanza. Mashine ya kuchonga chuma ya kawaida ina meza, na juu ya meza hufungwa jiliwa linalokibana kipande cha chuma. Meza husogezwa na parafujo ndefu, na mwisho wa kila parafujo kuna gurudumu lenye mshikio na alama za vipimo. Fundi akizungusha gurudumu, parafujo huzunguka, meza husogea, na chuma hukutana na kikatio. Katika mashine inayoongozwa na kompyuta, mahali pa gurudumu pamekaliwa na mota. Amri huandikwa kwa herufi na tarakimu, na orodha ya amri hizo ndiyo programu. Kompyuta huisoma mstari baada ya mstari, na mota hutenda kama zilivyoamriwa. Fundi aliyekuwa akizungusha, sasa hutazama.

Mashine za Bridgeport, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1938 katika mji wa jina hilo, jimbo la Connecticut, Marekani, ni mfano mzuri wa mabadiliko hayo. Zilianza zikiwa mashine za mkono, na nyingi zilikuja kufungwa mota baadaye na wenyewe. Anayeibadili mashine ya namna hiyo aghalabu huyaondoa magurudumu ya zamani, kwa sababu mota ikienda mbio, mshikio wa gurudumu nao huzunguka kwa nguvu, na waweza kumvunja mtu vidole au kuinasa nguo yake. Hivyo gurudumu hutolewa kwa mlango wa usalama. Kisha, baada ya miezi michache ya kazi, hurudi kwa dirisha la haja.

Gurudumu linalorudi si lile lililoondoka. Ukubwa wake hauzidi sana kisahani cha kikombe, wala halikushikamana na parafujo yoyote. Likizungushwa duru moja hutoa mapigo 100 ya umeme, na vidole huhisi kila pigo kama kifungo kidogo kinachofunguka na kufunga. Mapigo hupita katika nyaya mbili, moja ikiitangulia nyingine kwa robo ya hatua. Kwa kutazama ni upi uliotangulia, kompyuta hujua kama gurudumu limekwenda kulia au kushoto. Kando yake kuna swichi mbili. Ya kwanza huchagua mhimili, yaani upande ambao mashine itasogea. Ya pili huchagua thamani ya pigo moja: sehemu moja ya elfu ya milimita, sehemu moja ya mia, au sehemu moja ya kumi. Mara nyingi huwapo pia kitufe ambacho sharti kibanwe ndipo gurudumu lisikilizwe, na kitufe kingine chekundu cha kusimamisha kila kitu.

Haja inayolirudisha gurudumu huonekana wazi kabla ya kazi kuanza. Programu huijua njia yote isipokuwa mahali pa kuanzia. Yajua kwamba tundu litobolewe milimita 40 kutoka ukingoni, lakini haijui ukingo uko wapi, maana haikukiona kipande kilipofungwa katika jiliwa. Sharti mtu aionyeshe. Fundi hukileta kikatio kilichosimama karibu na chuma, hushika karatasi nyembamba baina ya viwili hivyo, na hukisogeza kikatio pole pole huku akiivuta karatasi. Karatasi ikianza kunaswa, amejua mahali alipo, naye huiambia kompyuta: hapa ndipo mwanzo. Viko vyombo vya kugusa vinavyoifanya kazi hiyo vyenyewe, lakini navyo sharti vifikishwe karibu na chuma na mtu anayekiona.

Asiye na gurudumu huifanya kazi hiyo kwa vitufe vya kompyuta. Kitufe ni mtumishi asiyejua kadiri. Hujua kubanwa na kuachiwa tu. Habari ya kuachiwa ikichelewa njiani, kikatio huendelea na safari, na safari ya milimita mbili zaidi yatosha kukivunja kikatio au kuharibu kazi ya siku nzima. Tena fundi hulazimika kusimama penye kompyuta hali macho yake yanatakiwa kwenye ncha ya chuma. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Gurudumu lililofungwa katika kisanduku chenye waya mrefu humwezesha fundi kuinama juu ya kazi yake, na kuisogeza mashine kwa kadiri ile ile vidole vyake vinavyosogea. Hadi hapa hakuna ubishi: gurudumu lina manufaa. Lakini manufaa si haki, na swali lilikuwa la haki.

Wako wanaolijibu swali hilo kwa haraka. Husema kwamba mkono wa fundi ni bora kuliko mashine, kwamba kazi ya kweli ni ya mkono, na kwamba gurudumu hurudisha heshima iliyoibwa. Jibu hili ni tamu masikioni, lakini halisimami mbele ya ushahidi. Mkono hutetemeka, huchoka na husahau hesabu. Mashine ya kompyuta huirudia njia moja mara elfu bila ya kuchoka, na huweza kusogea katika mihimili mitatu kwa wakati mmoja, kwa mapindo ambayo mikono miwili ya mtu haiwezi kuyafuata. Kama haki ya kushika hupewa aliye sahihi zaidi, basi mkono umekwisha kushindwa kabla ya kesi kusikilizwa.

Tena gurudumu lenyewe halina ukale mtukufu unaodaiwa. Zamani mkerezaji hakuwa na gurudumu. Yule aliyekereza matendegu ya vitanda alishika patasi kwa mikono yake, na mti ulipozunguka katika keezo, kila pindo lilitoka katika viganja vyake. Mwishoni mwa karne ya 18, Henry Maudslay wa London alitengeneza keezo la chuma ambalo kikatio chake kilifungwa imara katika kiti kinachoteleza, kikasogezwa kwa parafujo. Hakuwa wa kwanza duniani kuliwaza jambo hilo, lakini kwa kazi yake lilienea katika karakana za Uingereza. Mkono ukaacha kushika chuma kinachokata, ukashika mpini wa parafujo. Kwa mkerezaji wa kale gurudumu lilikuwa mwizi wa ufundi; kwa fundi wa leo gurudumu ni kumbukumbu ya ufundi. Kitu kimoja kimeitwa mwizi na mrithi, na umbo lake ni lile lile. Dhahiri, basi, heshima haikai katika umbo la gurudumu. Yapasa itafutwe mahali pengine.

Historia ya mashine hizi ina kisa kinachosaidia kuitafuta. Katika miaka ya 1940, John T. Parsons, wa kiwanda kimoja katika jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mabawa yanayozunguka ya helikopta. Vielelezo vya kupimia umbo la mabawa hayo vilikuwa na mapindo magumu. Nukta za kila pindo zilikokotolewa kwa mashine za hesabu zilizotumia kadi zenye matundu, kisha mafundi watatu wakasimama penye mashine moja ya kuchonga. Wa kwanza alisoma tarakimu kwa sauti. Wa pili alizungusha gurudumu la mhimili mmoja. Wa tatu alizungusha la mhimili mwingine. Walipofika mahali palipotajwa, walikishusha kikatio, kikakata, wakaenda kwenye nukta iliyofuata. Baadaye, kwa mkataba wa Jeshi la Anga la Marekani wa mwaka 1949 na kwa kazi ya wahandisi wa chuo cha MIT, tarakimu zilihamishwa kutoka kinywani mwa msomaji zikatiwa katika utepe wa karatasi wenye matundu, na magurudumu yakakabidhiwa mota. Septemba 1952 mashine iliyotengenezwa kwa njia hiyo ilionyeshwa kwa watu.

Kisa hiki hufundisha jambo ambalo watetezi wa mkono hulisahau. Wale mafundi wawili walikuwa na magurudumu mikononi mwao kutwa nzima, wala hawakuwa na lolote la kuamua. Waliambiwa namba, wakazungusha. Mikono yao ilikuwa mota kabla ya mota kununuliwa, na mota zilipokuja, hazikuondoa pale uamuzi wa mtu yeyote, kwa kuwa ulikwisha kuondolewa siku tarakimu zilipoanza kusomwa kwa sauti. Kushika, basi, si kutawala. Mtu aweza kuwa na gurudumu mkononi na utumwa moyoni.

Palikuwapo na njia nyingine karibu na wakati ule ule. Mnamo 1946 na 1947 kampuni ya General Electric ilijaribu mashine iliyojifunza kutoka kwa fundi mwenyewe. Fundi alichonga kipande cha kwanza kwa mkono, na miendo ya mashine ikarekodiwa katika utepe. Kisha utepe ukachezwa, na mashine ikairudia kazi ile kama kinanda cha santuri kinavyorudia wimbo. Katika njia hiyo programu ilikuwa mkono wa fundi uliohifadhiwa. Njia hiyo haikushinda. Iliyoshinda ni ile ya tarakimu. Mwanahistoria David F. Noble, katika kitabu chake Forces of Production cha mwaka 1984, alidai kwamba sababu haikuwa ubora wa mashine peke yake: wenye viwanda na wanajeshi waliipenda njia iliyohamisha maarifa kutoka karakana kwenda ofisini, mahali ambapo fundi asingeweza kuyatumia kama silaha katika madai yake. Wako wanaompinga kwa kusema kwamba mapindo ya ndege yalizaliwa katika hesabu, na kwamba hapana mkono ambao ungeweza kuyachonga ili yarekodiwe. Yamkini kila upande una sehemu ya kweli. Lakini hata msomaji asiyekubaliana na Noble hubakiwa na swali lake: mahali pa kushikwa pakiondolewa katika chombo, ni nani aliyefaidika, na ni nani aliyeulizwa?

Kwa kuyatazama yote hayo, haki ya mkono huonekana kuwa na msingi mmoja, nao ni dhamana. Kikatio kikivunjika, haiulizwi kompyuta. Chuma kikiruka na kumjeruhi mtu, programu haiendi kutoa ushahidi. Kazi ikiharibika, anayetazamwa usoni ni fundi. Yeye ndiye atakayejibu, na atakayejibu hana budi kupewa njia ya kuzuia asichotaka kukijibia. Kumtwika mtu lawama na kumnyima hatamu ni dhuluma, hata kama farasi anajua njia kuliko mpandaji. Kwa hiyo mkono hupewa gurudumu kwa sababu ya kuwajibika kwake, wala haulazimiki kuishinda mashine kwa usahihi ndipo ustahili.

Lakini dhamana haitoshelezwi na hatamu tupu. Uwezo wa kutenda usipoandamana na habari ni mtego. Hapa ndipo gurudumu jipya lina kasoro ambayo haifai kufichwa. Gurudumu la kale lilikuwa na pande mbili: mkono ulilisukuma, nalo likausukuma mkono. Kikatio kilipobutuka, fundi alikihisi katika kiganja kabla ya kukiona. Chuma kigumu kilijitambulisha kwa uzito wake, na mtetemo mbaya ulipanda mpaka kiwikoni. Gurudumu la umeme husema lakini halisikii. Liko jepesi lile lile kikatio kikiwa hewani au kikiwa kimezama katika chuma cha pua. Vile vifungo vyake 100 hulia sawasawa mashine ikienda salama au ikielekea kujivunja. Vidole vikizoea utamu huo, moyo hudanganyika kudhani kwamba unahisi kazi, kumbe unahisi kisanduku cha plastiki.

Fundi mwenye busara huijua kasoro hiyo na huizunguka. Hutega sikio kwa sauti ya kikatio. Hutazama rangi na umbo la vipande vya chuma vinavyoruka. Hutumia karatasi kama ilivyoelezwa. Ile karatasi nyembamba, isiyo na thamani, ndiyo inayorudisha habari ambazo waya hauwezi kuzileta. Kwa hakika fundi huyo ana mikono miwili yenye kazi mbili: mmoja huamuru kwa gurudumu, na wa pili husikiliza kwa karatasi. Atakayefunga gurudumu bila ya kujifunza kusikiliza amejiongezea amri, hakujiongezea ujuzi.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana mbali sana na karakana, tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong alipokuwa akikishusha chombo cha Apollo 11 mwezini. Kompyuta ilikuwa ikikielekeza mahali palipojaa majabali. Armstrong aliyaona kwa macho kupitia dirishani, akachukua uongozi kwa mkono, akakipitisha chombo mbele mpaka mahali patambarare. Hata hivyo mkono wake haukushika injini. Ulishika kishikio, na kompyuta ndiyo iliyoyageuza matakwa yake kuwa miendo, kama vile gurudumu la umeme linavyofanya. Kupita kwa amri katika kompyuta hakukuufanya mkono ule kuwa wa bandia. Uliupa haki ni dirisha. Aliona lisilokuwamo katika programu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupatwa na matokeo. Pasingalikuwapo dirisha, kishikio kile kingalikuwa pambo.

Kupita katika kompyuta kuna hata fadhila yake. Baadhi ya mafundi huacha magurudumu ya kale yakiwa yamefungwa penye parafujo pamoja na mota, wakidhani kwamba wamepata faida mbili. Katika mashine ambazo mota zake hupokea amri bila ya kutoa taarifa, jambo hilo huleta hasara: fundi akizungusha gurudumu la kale, meza husogea, na kompyuta haina habari. Huendelea kuamini kwamba meza iko pale ilipoiacha, na kazi inayofuata hujengwa juu ya uongo ambao hakuna aliyeusema. Gurudumu la umeme haliwezi kutenda hivyo. Kila pigo lake huandikwa katika daftari moja na amri za programu, kama mzigo upitao kwa karani wa bandari. Uhuru unaopita katika hesabu si uhuru mdogo. Ni uhuru ambao wengine wanaweza kuujengea kazi zao. Hili ni kweli kwa mashine, na ni kweli kwa ofisi na dola.

Liko bado swali la utii, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Programu ya LinuxCNC, ambayo chimbuko lake ni kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani iitwayo NIST, na ambayo mafundi huipata bila ya malipo, humtaka anayefunga gurudumu achague baina ya namna mbili. Katika namna ya kwanza, mashine huheshimu idadi. Mkono ukizungusha mapigo 300 kwa haraka kuliko mwendo wa mota, mashine hubakiwa na deni, na huendelea kulilipa hata baada ya mkono kusimama, mpaka pigo la mwisho litimizwe. Katika namna ya pili, mashine huheshimu kusimama. Mkono ukituama, nayo hutuama, na deni lililosalia husamehewa. Namna ya kwanza ni ya mtumishi mwaminifu wa maneno: aliyeambiwa 300 hutoa 300. Namna ya pili ni ya mtumishi anayetazama uso wa bwana wake, na akiona ameshtuka, huacha kazi nusu.

Ni ipi iliyo bora? Anayepima umbali kwa kuhesabu mapigo huihitaji ile ya kwanza. Kipimo kikikatwa katikati hakiaminiki tena. Anayekikaribia chuma kwa hofu huihitaji ya pili, kwa maana kusimama kwa mkono wake ndiko neno lake la haraka kuliko yote, na chombo kisichosikia neno hilo ni cha hatari. Hapa pana funzo la maadili ambalo vitabu vingi hulizunguka: utii si kitu kimoja. Kuna kulitii neno lililokwisha kusemwa, na kuna kuitii nia iliyopo sasa. Aliye na dhamana yapasa ajue mapema mtumishi wake ni wa namna gani, wala asingoje kujua siku ya ajali.

Wapinzani wa gurudumu wana hoja yenye uzito nao. Husema kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Programu iliyotungwa kwa makini na kujaribiwa haifai kuingiliwa na mtu aliyepatwa na shaka ya dakika moja. Fundi mwenye gurudumu hushawishika kugusa kila kitu, na swichi iliyosahauliwa penye sehemu ya kumi badala ya sehemu ya elfu huifanya duru moja ya vidole iwe mruko wa milimita 10. Makosa ya mkono, wasema, ni mengi kuliko ya programu. Hoja hii haikanushiki kwa maneno matamu. Jibu lake ni mipaka: mkono na programu visitawale kwa wakati mmoja bila ya utaratibu unaojulikana, kitufe cha idhini kibanwe kwa makusudi, mhimili mmoja uchaguliwe kwa jina lake, na thamani ya pigo itazamwe kabla gurudumu halijaguswa. Mipaka hiyo haiutukani mkono. Ndiyo inayoutofautisha mkono wenye dhamana na mkono unaochezacheza.

Hadi hapa amezungumzwa fundi anayeimiliki mashine yake, ambaye akitaka gurudumu hulinunua na kulifunga. Lakini wengi wanaosimama penye mashine hizi si wenyewe. Ni waajiriwa. Katika baadhi ya viwanda mashine hufungwa kwa ufunguo usiokaa mfukoni mwa anayeitumia: anaruhusiwa kufunga kipande, kubana kitufe cha kuanza, na kungoja. Haruhusiwi kugusa programu hata akiona kosa. Mtu huyo akiitwa mwisho wa mwezi kuulizwa sababu ya vikatio vilivyovunjika, ameulizwa swali lisilo lake. Kama karakana imeamua kwamba fundi wake hana hukumu ya kuaminiwa, basi na lawama ipelekwe kule ulikopelekwa ufunguo. Na kama imeamua kwamba lawama ni yake, basi apewe gurudumu, apewe mafunzo ya kulitumia, na apewe ruhusa ya kusimamisha kazi bila ya kuogopa kupunguziwa mshahara. Haiwezekani kwa haki kuligawa jambo hili nusu kwa nusu, ofisi ichukue uwezo na karakana ichukue aibu.

Kwa hivyo anayekusudia kuifungia mashine yake gurudumu, au ya watu anaowasimamia, ana mambo matatu ya kujiuliza kabla ya kushika bisibisi. Atakayelishika ataona nini na atasikia nini, ili uwezo wake usiwe wa kipofu? Mkono wake ukisimama, mashine itasimama, au itaendelea kulipa deni? Na kazi ikiharibika, atakayejibu ni yeye yule aliyepewa gurudumu, au ni mwingine? Majibu yakiwa mema, kile kisahani kidogo chenye mapigo 100 ni mahali halali pa kushikwa, sawa na mpini wa jembe na usukani wa jahazi. Majibu yakiwa mabaya, ni hirizi iliyotundikwa shingoni mwa mtu ili ajione salama, au kitanzi kilichowekwa hapo ili apatikane wa kulaumiwa.

Mashine zitazidi kuwa hodari, na pengine siku moja zitaujua hata mwanzo wa kazi bila ya kuonyeshwa. Siku hiyo haja ya gurudumu itapungua, na hapatakuwa na msiba wowote katika hilo, kama hapakuwa na msiba mkerezaji alipoiweka patasi yake chini. Msiba utakuwapo ikiwa watu wataendelea kuitwa wajibie kazi za mashine baada ya kunyang'anywa njia zote za kuzizuia. Kila lawama inapomfikia mtu, sharti pawepo kabla yake mahali ambapo mkono wa mtu huyo ungaliweza kufika.